Kumi na Saba Ndogo Kuliko Kumi na Nne

Jumatatu asubuhi Mwalimu Marlys Tvedt aliandika ubaoni −3x < 12, akaweka chaki chini, akavaa tena koti lake. Chumba Namba 3 kilikuwa chini ya ardhi, jirani na stoo ya mafagio, na baridi ya Minnesota mwezi wa kumi na moja haina huruma na vyumba vya aina hiyo. Somo hilihili alikuwa amelifundisha miaka thelathini na mmoja. Magoti yalimuuma tangu kwenye ngazi.

"Haya, nani anatufanyia hii?"

Alikwenda Itzel Barrientos, msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye mama yake hukata nyama ya bata mzinga kiwandani. Aligawanya pande zote mbili kwa −3. Kabla hajainua chaki kugeuza alama, alama iligeuka yenyewe, taratibu, kama mgonjwa anayejigeuza kitandani, ikatulia: x > −4.

"Vizuri," alisema Mwalimu. "Ukigawanya au ukizidisha kwa hasi, inageuka. Andikeni."

Wakaandika.

Watoto wa mji ule hufundishwa tangu darasa la kwanza kwamba alama ile ni mdomo wa mamba, na kwamba mamba, kwa njaa yake, hupanua mdomo upande wenye kikubwa. Wanaichorea meno na jicho. Wengine hufika darasa la saba bado wanachora meno. Kwa hiyo Jumanne, alama ilipoota meno, kisha jicho, kisha mkia mfupi wa kijani uliokwaruza ubao, hakuna aliyeona sababu ya kuacha kuandika. Tou Vang aliuliza tu kama anauma, akaambiwa hajauma mtu.

Kusema kweli, mamba alisaidia. Tou alipogawanya 3x < −12 kwa 3, aliona hasi upande wa kulia akageuza alama, kosa ambalo nusu ya darasa hulifanya kila mwaka. Mamba alimtazama, akajirudisha alivyokuwa.

"Hata mnyama anajua, we Tou!" alisema Breanna Ostby kutoka nyuma. "Umegawanya kwa tatu, sio kwa hasi tatu."

"Mnyama hana mtihani," alijibu Tou.

Mtihani ndio uliowaweka chini. Mwezi wa tisa darasa la saba lote lilipimwa. Waliopata maksi kumi na nane kwenda juu walipelekwa Chumba Namba 12, ghorofani, kuanza aljebra yenyewe. Waliobaki walipaswa kurudia hesabu za nyuma mpaka mwezi wa sita. Anayechelewa kuanza hafiki kwenye hesabu zinazodaiwa na vyuo vya uhandisi. Itzel alitaka kujenga madaraja. Alishalisema mara moja, kwa sauti ndogo, na Mwalimu hakulisahau. Itzel alikuwa amepata kumi na saba.

Palikuwa na njia nyingine. Mzazi akitia saini fomu, mtoto alipanda hata kama maksi hazikutosha. Fomu haikuruhusiwa kutoka ofisini. Mzazi alipaswa kufika mwenyewe, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na mwisho ulikuwa Ijumaa hiyo. Zamu ya kiwandani ilianza saa kumi na mbili asubuhi ikaisha saa nane na nusu. Mwalimu Marlys alikwenda mara mbili kuiomba fomu kwa niaba ya mama. Karani, mtu mpole, alimpa pole mara mbili.

Jumatano Tou aliandika ubaoni 17, akaacha nafasi, akaandika 14.

"Ya Itzel hiyo, na hiyo ya Carsten," alisema.

Carsten alikuwa mtoto wa daktari wa meno, kijana mwema asiyeficha kwamba alipata kumi na nne. Baba yake alitia saini fomu akienda kula chakula cha mchana. Sasa Carsten alikuwa ghorofani.

Mamba alijisogeza, akakaa katikati ya namba zile mbili, akapanua mdomo kuelekea 14.

"Geuka, bwana," alisema Tou.

Hakugeuka. Mwalimu alifuta, akaandika 14 kushoto na 17 kulia. Mamba alizunguka, akaifuata 14. Mwalimu aligawanya pande zote mbili kwa mbili, zikabaki nane na nusu, na saba. Mamba aliikodolea macho ile saba.

"Chanya haimgeuzi, Mwalimu," alisema Itzel.

"Najua, mwanangu."

Alhamisi walizidisha kwa hasi moja. Mwalimu Marlys hakuwa na tumaini kubwa, lakini alikuwa amelala vibaya na hakuona njia nyingine. Walipoandika −17 na −14, mamba alishusha pumzi, akageuka, na kwa mara ya kwanza akaelekeza mdomo upande wa Itzel. Na kwa kuwa linalofanywa upande mmoja sharti lifanywe na upande wa pili, darasa zima lilijikuta ghorofani, Chumba Namba 12, na wa ghorofani wakajikuta chini ya ardhi. Hakuna aliyeanguka. Kikasha cha penseli cha Breanna tu ndicho kilichotua kwenye dawati lisilo lake.

"Kumbe huku kuna dirisha!" alisema Tou.

Lakini joto lilishuka pamoja na wale. Vilishuka pia vitabu vipya, na mwalimu wao, na saa ya ukutani iliyokuwa ikisema kweli. Kabla ya chakula cha mchana ofisi ilitangaza kwamba aljebra sasa inafundishwa Chumba Namba 3, ambako kuna utulivu zaidi, na kwenye fomu namba ya chumba ilikuwa imesharekebishwa. Mwalimu Marlys alifunga vifungo vya koti.

Itzel alikaa akiutazama ubao, ambako mamba alikuwa amewafuata.

"Alama imegeuka, lakini jibu ni lilelile, eti Mwalimu?"

"Ndivyo kanuni ilivyo."

"Basi bado tuko chini."

Mwalimu alitafuta neno jingine la kumpa. "Bado," alisema.

Ijumaa, saa tisa kasorobo, Ofelia Barrientos aliingia darasani akiwa bado na kofia ya wavu kichwani. Aliomba ruhusa kiwandani akaambiwa ruhusa huombwa wiki moja kabla. Dirisha la ofisi alilikuta limefungwa. Karani, aliyekuwa akivaa skafu, alimpa pole na kumwambia ajaribu mwakani.

"Ndiye huyo?" aliuliza, akionyesha ubaoni.

"Ndiye, mama," alisema Itzel.

"Anauma?"

"Haumi. Anaangalia tu."

Mwalimu alimpa chaki na −2x > 10. Ofelia aligawanya polepole, vidole vikiwa vimevimba kwa kisu cha siku nzima, na mamba akageuka kwa heshima: x < −5. Ofelia alicheka kidogo.

"Sasa nionyesheni ile ya mwanangu."

Tou aliandika 17 na 14. Mamba alivuka ubao akikwaruza mkia, akapanua mdomo kulekule. Ofelia alivuta kiti hadi ubaoni. Kisha akafuta 17 kwa kiganja, akaiandika upya, kubwa, kuanzia juu kabisa alipofika kwa kusimama juu ya kiti mpaka ukingo wa chini wa ubao, akikoleza chaki mara mbili. Mamba aliigeuzia jicho moja, akalirudisha kwenye 14.

"Haya," alisema Ofelia, akipangusa mikono. "Twende nyumbani."

Jumatatu, ile kumi na saba ilikuwa bado pale, na mamba amelala ameipa mgongo. Mwalimu Marlys hakuifuta. Aliandika swali la siku pembeni, kwa herufi ndogo, mahali palipobaki, na Itzel akanyanyuka kwenda kulifanya.