Mwali wa Darasa la Saba

Mwalimu Felicitas alikuwa mwepesi wa miguu, na ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi. Ndivyo watu wa Chamazi walivyomsema, na wala hawakumsingizia. Alipoletwa kutoka Masasi kuja kuwa mwalimu mkuu, miaka ile ya Ujamaa, alikuta shule ya vyumba viwili na watoto wa kujaza vinne. Hakungoja mtu. Alipita nyumba hadi nyumba na baiskeli yake, jua la utosi, akiwaambia wazazi kwamba Serikali imesema kila mtoto asome, na mtoto hasomi chini ya mvua. Wanaume wakakata miti na fito. Wanawake wakasuka makuti, wakachota maji, wakakanyaga udongo wa kukandikia kuta. Kila Jumamosi msaragambo, na kila msaragambo nyimbo, masimango na vicheko mpaka mtu anasahau mgongo unamuuma.

Mkuu wa kukandika alikuwa Bibi Mwanabaraka. Umbo dogo, maneno makubwa. Ukuta haukuitwa ukuta mpaka yeye aupitishie kiganja, na ukimkera huubomoa papo hapo, uwe umeukandika wewe au shangazi yako. Mwalimu Felicitas alimpenda tangu siku ya kwanza, maana aliona mtu wa hasira kama zake.

Bibi huyo alikuwa na mjukuu, Mwanaasha, darasa la saba. Lo, yule mtoto! Alikuwa anajibu swali mwalimu bado hajamaliza kuliuliza, kisha anaona haya na kujifunika uso kwa daftari. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na baba yake alikuwa kuli bandarini, analala Temeke na kuja nyumbani mara mojamoja. Aliyemlea ni bibi. Mwalimu Felicitas alikwishaapa moyoni kwamba mtoto huyu atakwenda sekondari, liwalo na liwe.

Sasa, Jumatatu moja Mwanaasha hakuja. Jumanne hakuja. Mwalimu akauliza, wasichana wakachekeana.

"Kawekwa ndani, Mwalimu. Kishakuwa mwali."

Mwalimu akakaa kitini, chaki mkononi. Hakuhitaji kuelezwa. Kwa Wazaramo, msichana akivunja ungo huingizwa ndani. Jua halimwoni, wanaume hawamwoni, wakubwa wanamfunda mpaka siku ya kumtoa kwa ngoma. Na ngoma ya Mwanaasha, kila mtu alijua, ilipangwa baada ya mavuno ya korosho. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa kabla ya korosho. Mtihani ule haukuwa na marudio. Ukikupita ndiyo umekupita, kamata jembe.

Hapo ndipo ulimi wa Mwalimu ulipotangulia akili. Jioni ileile alimchukua Mzee Marijani, balozi wa nyumba kumi, wakaenda hadi barazani kwa Bibi Mwanabaraka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibuni. Balozi, karibu." Bibi akawatandikia mkeka, akawaletea maji ya kunywa. Uungwana wote.

Mwalimu hakuyagusa maji. "Bibi, nimekuja kumchukua mwanafunzi wangu. Kumzuia mtoto shule ni kosa, na balozi huyu hapa ni shahidi."

Mzee Marijani akainamisha uso, akawa anahesabu vidole vyake vya miguu. Alilazimishwa, maskini.

"Mwanafunzi wako yuko wapi?" akauliza bibi, sauti laini kama tui la kwanza. "Humu ndani kuna mwali. Mwanafunzi sijamwona."

Mwalimu damu ikampanda. Akasimama, akapaza sauti kuelekea dirishani: "Mwanaasha! Mwanaasha! Toka nje, mwanangu!"

Jirani aliyekuwa anatwanga akaacha mchi hewani. Balozi akasema, "Mtume!" Maana mwali haitwi jina lake, sembuse kuitwa kwa kelele barazani, tena mbele ya mwanamume.

Bibi hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alikunja ule mkeka wao, wao wenyewe wangali wamesimama hapo, akasema, "Mama yake mtoto huyu alinishika mkono siku ya kufa. Aliniomba kitu kimoja tu: mwanangu umchezee ngoma, asije akaingia ukubwani kama kuku. Hiyo Serikali yako ilikuwepo? Nendeni salama."

Jumamosi iliyofuata hakuja mwanamke hata mmoja kwenye msaragambo. Wanaume wakaja, wakasimama, wakajikuna, wakarudi makwao. Darasa jipya likabaki limekandikwa upande mmoja, upande wa pili fito tupu, mbuzi wanapita katikati kana kwamba wameandikishwa.

Mwalimu Felicitas alilia siku ile. Alikaa mle ndani ya darasa bovu akalia kwa hasira, kisha kwa aibu. Hasira zilikuwa za mbuzi. Aibu ilikuwa ya mama yake. Maana yeye mwenyewe alikuwa mwali, huko Masasi, na yaliyompata alikuwa hajamwambia mtu yeyote Chamazi.

Akafuta uso. Kesho yake alijitanda khanga, akaiacha baiskeli, akaiacha na sheria, akaenda kwa Bibi Mwanabaraka peke yake. Safari hii hakukanyaga barazani. Alizunguka uani, wanakopita wanawake, akavua viatu mlangoni.

"Hodi, bibi."

Bibi alikuwa anakuna nazi. Hakuinua uso. "Nani?"

"Mimi. Mwenye makosa."

Mbuzi ya nazi ikaendelea kukwaruza kitambo. Kisha bibi akasogea, akampisha. "Mwenye makosa akune nazi."

Akakuna. Alikuna vibaya, nazi ikamwagika chini, bibi akaguna. "Nyie watu wa Masasi, nazi mnaila na maganda?"

"Na nyie Wazaramo na ngoma zenu, shamba mnalima lini?"

Bibi akacheka kabla hajajizuia. "Ebo! Ulimi hajauacha nyumbani huyu. Haya, kula basi. Panya wenu wa Masasi leo sina, kuna kisamvu."

Walipokwisha kula, Mwalimu akasema lililomleta. Alisema polepole, yeye ambaye hakujua polepole ni nini.

"Bibi, mie nilikuwa ndani, natimiza siku zangu, wakaja masista wa misheni. Nilikuwa na akili ya shule, wakasema nisipotezwe. Wakanichukua asubuhi, mama yangu yuko mtoni. Hakuna aliyemuuliza. Siku ya ngoma ilipofika, alicheza. Alinicheza peke yake, mie sipo, amelishika gauni langu. Nimesoma, bibi, na sijutii kusoma. Lakini mpaka leo nikienda nyumbani, wanawake wakianza mazungumzo yao, wananiambia: wewe mtoto, tupishe. Nina mvi, bibi. Wadogo zangu wanabaki ndani, mie natoka nje kukaa na watoto."

Macho yalimjaa Bibi Mwanabaraka, naye hakuwa mtu wa kulialia.

"Na juzi ukaja kunifanyia mie walichomfanyia mama yako."

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," bibi akasema. "Ulimwengu wako basi ni mie. Njoo kesho alasiri. Njoo na vitabu vyako."

Ndivyo shule ilivyoingia chumbani kwa mwali. Kila alasiri Mwalimu alivua viatu, akaketi mkekani. Mwanaasha alikaa pembeni, kainama, khanga usoni, maana mwali hapazi sauti wala hamkazii macho mkubwa. Swali likiulizwa, alimnong'oneza bibi, na bibi akatangaza.

"Robo tatu ya ishirini na nne?"

Mnong'ono. "Anasema kumi na nane."

"Sawasawa."

"Sawasawa kwa nini?" bibi akauliza. "Msipite tu hivihivi mkaniacha mie njiani." Mwalimu akagawanya maharage mkekani, mafungu manne, akaondoa moja. Bibi akayahesabu mwenyewe, midomo ikimcheza. Baada ya siku chache akawa hatangazi tu maneno ya mjukuu, anabishana nayo. "Huyu kakosea, Mwalimu, mie nasema thelathini." Mara nyingine alipatia. Siku hizo hakukukalika naye. Na chini ya khanga, Mwalimu aliyaona mabega ya Mwanaasha yakitikisika kwa kicheko, akafurahi.

Nayo Jumamosi wanawake wakarudi kwenye udongo, wala hakuna aliyeeleza kwa nini. Bibi ndiye aliyeukandika ukuta uliobaki, wote, hakutaka msaidizi.

Lakini mtihani haufanywi mkekani. Siku zilipokaribia, Mwalimu alishindwa kula. Kuuliza aliogopa, kunyamaza hakuweza. Mwishowe akasema, "Bibi, mtoto anajua kila kitu. Ila lazima aje darasani. Nifanyeje?"

"Mwali hatoki nyumbani mpaka ngoma. Hilo usiniguse."

"Sikugusi, bibi. Naumwa tu."

Bibi akarudi kwenye ungo wake wa mchele, pepeta, chambua. Mwalimu akajua yamekwisha. Akainuka, akavaa viatu, akafika uani.

"Mwalimu! Lile darasa jipya limekandikwa na nani?"

"Na wewe, bibi."

"Makuti yake nani kasuka?"

"Wewe na wenzio."

"Basi. Hapa Chamazi nyumba ni ya aliyeikandika. Lile ni nyumba yangu, ati. Mwali wangu hatoki nje, anahamia chumba cha pili." Akaurusha mchele hewani, akaudaka. "Ila mwali akihama chumba hatembei juani. Hilo niachie mie."

Asubuhi ya mtihani, msimamizi aliyetoka wilayani, Bwana Wilbert, tai shingoni, alikuwa anawapanga watoto mstari. Akasikia wimbo. Akageuka, akaona hema la khanga linakuja lenyewe njiani, nyekundu, njano na bluu, limeshikwa juu na wanawake wa Chamazi wote. Miguu mingi chini, na katikati, miguu miwili iliyopakwa mafuta, inakwenda polepole.

"Ni nini hii?" akauliza. "Hapa pana mtihani!"

"Mwanafunzi wako huyo, baba," Bibi Mwanabaraka akajibu.

"Lazima nimwone uso nijue ndiye."

Wanawake wakaguna kwa pamoja. Bibi akamsogelea, akamtazama toka viatu hadi tai. "Ukimwona mwali uso, baba, umemposa. Wazee wako wako tayari? Maana sie hatuna haraka, tutawangoja hapahapa."

Hata watoto kwenye mstari walicheka. Bwana Wilbert akarudi nyuma hatua, akalegeza tai. Mwalimu Felicitas akamwonea huruma. "Bwana Wilbert, mimi ndiye mwalimu mkuu. Nimemfundisha. Nitamtazama mimi na nitakuwekea sahihi kwamba ndiye." Akainama chini ya hema. Mle ndani, kwenye mwanga wa rangi, Mwanaasha alimwinulia macho kwa mara ya kwanza tangu siku zile. Yalikuwa yamejaa woga.

"Unajua yote," Mwalimu akamwambia. "Ukikwama, mfikirie bibi na maharage."

Bwana Wilbert akaipokea sahihi, na Mwanaasha akakaa dawati la pembeni, uso umeelekea ukuta aliokandika bibi yake. Wanawake wakaenda kukaa mbali, chini ya mikorosho, na hapo likatokea jambo ambalo wazee wa Chamazi wanalisimulia kuliko hata mtihani wenyewe: wanawake wale wote walinyamaza. Tangu asubuhi mpaka mchana, kimya. Mmoja alipopiga chafya, bibi alimziba mdomo na upande wa khanga.

Korosho zikavunwa. Majina yakaja, na jina la Mwanaasha lilikuwemo: sekondari ya wasichana, bara huko, bweni. Bibi alipoambiwa, aliuliza mara tatu kama ni kweli. Kisha akaenda chumbani kwa mjukuu wake, akatoka macho mekundu, akaanza kuwagombeza watu kuhusu kuni za ngoma.

Na ngoma ikapigwa, nakwambia. Ilipigwa mpaka Mbagala wakajua. Baba mtu akaja kutoka bandarini na wenzake, Mwanaasha akatolewa amebebwa mabegani, amepambwa, uso wazi, jua likamwona. Mwalimu Felicitas alicheza kwa miguu ya Masasi, na waliomcheka walimcheka kwa mapenzi.

Jua lilipoanza kulala, ngoma ikatua. Wanawake wakaingia ndani na Mwanaasha kumalizia yale yasiyosemwa nje. Mwalimu aliingia nao, kisha akawaona wanakaa mduara, akamwona bibi anakohoa kidogo, vile wanavyokohoa wakubwa wakitaka kuanza. Miguu yake ikasimama yenyewe. Ilikwishazoea. Akajifunga khanga vizuri, akaelekea mlangoni.

Bibi Mwanabaraka akaudaka upindo wa khanga yake.

"Unakwenda wapi?"

"Nawapisha, bibi. Haya ni mambo ya wakubwa."

Bibi akamvuta, tena kwa nguvu, mpaka akaketi mkekani bega kwa bega na Mwanaasha.

"Mama yako alikucheza peke yake," bibi akasema. "Leo sie tumemsaidia. Tulia hapo usikilize."

Mwanaasha akautafuta mkono wa mwalimu wake, akaushika. Mtu mmoja akainuka, akafunga mlango, na Mwalimu Felicitas alikuwa ndani.