Kahawa Ilipomwagika

Sarandis Kaloyeras alikuwa na nuksi, tena ya kuzaliwa nayo. Alifungua duka la viatu, likaungua. Akafuga kuku, wakafa kwa kideri. Wanasema ng'ombe wa maskini hazai. Sarandis hata huyo ng'ombe hakuwahi kumpata. Sasa alikuwa ameandikishwa kwenda kuchimba makaa ya mawe Ujerumani, na treni ilikuwa Jumatatu. Mkewe, Polikseni, alikuwa ameacha kumsihi abaki. Alikuwa akilia tu huku akimpigia pasi mashati.

Ijumaa watu wa sinema wakaingia mtaani kwao Kesariani kupiga filamu ya kuchekesha, habari za mtu asiye na bahati. Wakaukodi mkahawa wa Mama Evanthia, wakawaketisha majirani mezani na kuwaonya wasitoe hata kikohozi. Aliyepangwa kuwa mhudumu hakutokea. Mama Evanthia akamsukuma Sarandis mbele.

"Mchukueni huyu. Si mnataka mtu wa mikosi? Huyu hana haja ya kuigiza!"

Bwana Rangavis, mwongozaji, akamtazama juu mpaka chini. "Mpelekee kahawa yule mwenye suti nyeupe, kisha uondoke. Basi. Unaweza?"

"Naweza, bwana."

Mwenye suti alikuwa Lefkaditis, nyota wa filamu yenyewe, na suti ile ilikuwa moja tu.

Kamera ikaanza. Sarandis akaja na trei yake, taratibu, akimwomba Bikira Maria kimoyomoyo. Mguu ukagonga kiti. Kahawa yote ikamwagika kifuani pa Lefkaditis.

Sarandis alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini kahawa ikimwagika, nani Kesariani atanyamaza? Kwao hiyo ni ishara ya heri, tangu enzi za mabibi.

"Bahati!" akapaza sauti Mama Evanthia.

"Bahati! Bahati!" wakaitikia majirani wote, kamera wameisahau, wakiinuka kumpiga Lefkaditis mgongoni kwa pongezi. Naye, mtoto wa Pireas, kule bandarini, aliyekulia desturi hiyo hiyo, mazoea yakamshinda. Akasimama amelowa, akaweka mkono kifuani. "Amina, jamani! Na kwenu pia!"

"Simamisha!" akafoka Rangavis.

Sarandis akaanza kufungua aproni aliyovishwa.

"Nani kakwambia uvue?" Mwongozaji alikuwa akifuta machozi ya kicheko. "Mwezi mzima tunapiga filamu hii, hajacheka hata mpiga kamera! Sikiliza. Kila aendako Lefkaditis, huyu mtu wangu wa mikosi, mhudumu ni wewe, na utammwagia. Jumatatu asubuhi uwe hapa."

"Jumatatu nina treni, bwana."

"Hana treni!" Polikseni alikuwa mlangoni, shati la mumewe bado mkononi. "Muongo huyo! Hana treni yoyote!"

Kiangazi kilichofuata filamu ikafika kwenye sinema ya uwanjani, pale nyuma ya kanisa. Mtaa mzima ulikuja na mbegu zake za alizeti. Sarandis akakaa nyuma kabisa na mkewe, kwa woga kwamba hawatacheka.

Kikombe kikapinduka kwenye pazia la sinema.

"Bahati!" uwanja wote ukalipuka, hata watu wasiomjua, hata padri.

Sarandis akalia waziwazi, bila aibu. Mungu hamtupi mja wake, akawaza, lakini safari hii alimtumia watu walioambiwa wanyamaze wasiweze.

"Unalia nini, we mwanamume?" akanong'ona Polikseni.

"Nashukuru," akasema, akamshika mkono. "Nashukuru tu."