Foleni ya Saa Tatu Kasoro

Kila asubuhi, ilipokaribia saa tatu, malori yalisimama hatua chache kabla ya kibanda changu cha tozo. Tangu alfajiri lori lililipa elfu mbili. Saa tatu kamili bei ilishuka hadi elfu moja. Bei hiyo iliwekwa ili wenye mizigo wasubiri kwao mpaka msongamano upungue. Wao wakaja kusubiri barabarani, na foleni nyuma yao ikafika sokoni.

Kinara wao alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, dereva wa lori la mchanga.

"Shemeji, hebu sogea!" nilimwita dirishani.

"Nisogee vipi na elfu yangu iko njiani inakuja?" alijibu, miguu juu ya dashibodi. Wenzake wakaangua kicheko.

Jumatano mhandisi, msimamizi wetu, alitutangazia kwamba foleni hiyo isipoisha Ijumaa, tozo ya asubuhi ingefutwa. Fedha za tozo hiyo ndizo zilizotengwa kujenga daraja la mtaani kwetu, ambako binti yangu huvuka mto akirukia mawe, viatu mkononi. Sikukubali. Nilimfuata ofisini.

"Mhandisi, wanasubiri kwa sababu dakika moja inawaokolea elfu nzima. Tushushe mia mia, kila dakika kumi, kuanzia saa moja na nusu."

"Mashine yetu inajua bei mbili tu, mama."

"Basi nitageuza kibao cha bei kwa mkono, na risiti nitaziandika mwenyewe."

"Ukikosea je?"

"Sitakosea."

"Ijumaa tu," akasema.

Ijumaa, saa mbili na nusu, shemeji aliegesha kama kawaida. Nikageuza kibao: elfu moja na mia tatu. Dakika kumi baadaye nikakigeuza tena.

"Shemeji, mchezo gani huu?"

"Kaa tu. Ukivumilia dakika ishirini, utapata mia mbili."

"Mia mbili! Na fundi anayengoja mchanga wangu?"

"Mpigie, umwambie akuvumilie kwa ajili ya mia mbili."

Alisonya, kisha akacheka, akawasha injini. "Mke wa kaka, umeniweza!" Nikamwandikia risiti, akapita. Aliyekuwa nyuma yake akapita. Wengine wakafuata.

Mhandisi alisimama kando yangu, macho kwenye saa. "Mmoja bado anangoja," akasema.

Nikageuza kibao: elfu moja na mia moja. Lori lile likaunguruma, likaja taratibu hadi dirishani.

Saa tatu ilipogonga, barabara ilikuwa wazi hadi sokoni.

"Nitaagiza mashine inayojua bei zote hizi," alisema mhandisi.

"Mashine isubiri," nikamjibu. "Kwanza tia sahihi kwenye hati ya fedha za daraja. Kibao nitakigeuza hata mwaka mzima."