Kiti cha Mzee Mathayo

Baba yangu mzazi alifariki nikiwa kidato cha kwanza. Baba yangu wa sasa ana miezi miwili na ushee, hana jino hata moja, na ameshanicheulia begani. Nalisema hili kwa heshima zote. Kaka yangu Nathan na mkewe Aneth walipojaliwa mtoto wa kiume hospitalini Kiomboi, walimpa jina la marehemu, Mathayo, na kwetu Kinampanda jina haliji peke yake. Linakuja na cheo chake chote. Mimi, Belinda, mwanafunzi wa kidato cha tatu ninayelala bwenini na kuogopwa na walimu wa zamu, namwita baba. Baba mdogo Simeoni, mdogo wake marehemu na mzee wa kanisa, anamwita kaka, na humwamkia shikamoo kabla ya kumtekenya. Mama yetu, Kristina, anamwita mume wangu, na kila asubuhi humlalamikia kuhusu paa la jiko linalovuja. Mtoto humsikiliza kwa makini, jambo ambalo marehemu hakulifanya.

Hivyo ndivyo tatizo la kiti lilivyoanza.

Aneth ni muuguzi Manyoni, na likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha. Mpango ulikuwa kwamba mama aende nao akamlee mtoto, maana zamu za wauguzi hazina huruma, na Aneth hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Mama alikubali, akafunga begi lake mapema kuliko wote. Nami nilikuwa narudi shule Singida mjini, kwa hiyo nilipewa lifti. Nathan alikuja kutuchukua na gari dogo la mtumba kutoka Japani, lenye kiti cha mtoto ndani yake. Kilikuwa cha kijivu, kina mshikio juu na mikanda kila mahali. Mama alikigeuzageuza akidhani ni beseni, akauliza kama maji ya kuogea hayatavuja.

Asubuhi ya safari Nathan alifungua mlango wa nyuma, akaanza kukifunga.

"Unakifunga wapi hicho?" mama akauliza.

"Hapa nyuma, mama."

"Baba yako alianza lini kukaa nyuma?"

Nathan alitoa kichwa ndani ya gari. Ilikuwa kweli. Mzee Mathayo hakuwahi kukaa nyuma katika chombo chochote chenye magurudumu. Hata kwenye lori la alizeti alikaa mbele, na kama amekuta mtu hapo, alisimama kando ya mlango akikohoa mpaka mtu huyo apatwe na adabu.

"Mama, huyu ni mtoto mchanga."

"Huyu ni mume wangu. Jina mmempa wenyewe, sikuwaomba. Kiti kiende mbele."

Nathan ni mwalimu wa hisabati, na walimu wa hisabati huamini kwamba jambo likielezwa vizuri watu watakubali. Akaeleza. Akasema ndani ya dashibodi, upande wa abiria, kuna mfuko uliokunjwa. Gari likigonga, mfuko unafumuka kwa nguvu na kujaa hewa. Mtu mzima unamwokoa. Lakini kiti cha mtoto mchanga hufungwa kikiangalia nyuma, mgongo wake ukiwa karibu na dashibodi, na mfuko ukifumuka unakipiga palepale penye kichwa. Akashusha kibao cha kuzuia jua na kutuonyesha picha iliyobandikwa: mtoto kwenye kiti, kitu cha duara kinamfumukia, na mstari mwekundu umekatiza. Chini yake maandishi ya Kijapani.

Baba mdogo Simeoni, aliyekuwa amepita kuangalia gari, alivaa miwani.

"Hii wanakataza kubeba mpira."

"Baba mdogo, huo ni mfuko wa hewa."

"Wa Kijapani?"

"Ndiyo."

"Na mtoto?"

"Na yeye ni... ni picha tu, baba mdogo."

"Mtoto wa Kijapani," akasema baba mdogo, akivua miwani. "Wa kwetu hawajakatazwa."

Mama yeye hakuhitaji miwani. "Nathan, kwani wewe unapanga kugonga?"

"Hapana, mama! Sigongi."

"Basi huo mfuko utatoka kwa sababu gani?"

Kaka yangu, mwenye shahada, alikifungua kiti kule nyuma. Akasema atakijaribu mbele kwanza, waone.

Aneth hakuwa amesema neno. Nilimkuta jikoni anakoroga uji ambao ulikuwa umeiva zamani.

"Wifi, mwanangu hakai mbele," akasema bila kuinua macho. "Nimewaona wanavyoletwa wodini. Sitaki hata kufikiri."

"Mwambie mama."

"Nimwambie mama mkwe kwamba mumewe akae nyuma? Mimi? Akikasirika akabaki, nikiwa zamu mtoto atalelewa na nani? Na nikinyamaza, ndiyo nimekubali." Akaendelea kukoroga. "Wewe una maneno mengi kila siku. Leo yamekwisha?"

Maneno yangu hayakuwa yamekwisha. Kwa bahati mbaya kulikuwa na boga karibu.

Nathan ndiye aliyeanza, hilo naomba lieleweke. Alikuwa amekifunga kiti mbele, akaniambia nijifunze kuikaza mikanda kwa kutumia kitu chenye uzito kama wa mtoto. Boga lilikuwa na uzito huo, na umbo la kichwa cha ukoo wetu. Nikalikalisha, nikalifunga mikanda. Lilionekana linasikia baridi, nikalivika kofia ya mtoto na kulifunika kishali chake. Hapo baba mdogo Simeoni akarudi, safari hii kavaa koti na kushika Biblia, tayari kuombea safari. Nilijificha nyuma ya gari.

Alivua kofia yake, akainama dirishani.

"Shikamoo, kaka."

Kimya.

"Ndiyo safari, eh? Mbona umenuna leo?"

Nikaifanya sauti yangu nzito kama nilivyoweza. "Marahaba, Simeoni. Mbuzi wangu wanaendeleaje?"

Biblia ilianguka upande mmoja, miwani upande mwingine. "Wazima, kaka! Wazima wote! Ila yule beberu mwekundu, kaka, kulikuwa na harusi—"

Kicheko kilinitoka kabla sijafikia habari za beberu, na nakijutia mpaka leo kwa sababu hiyo tu. Nathan alicheka akashikilia boneti. Hata Aneth alicheka, mlangoni mwa jiko, mtoto begani. Baba mdogo alilitazama boga, akaokota Biblia, akasema nitaolewa mbali sana.

Mama ndiye hakucheka. Alikuja taratibu, akaitoa kofia kichwani mwa boga, akaikung'uta.

"Umeweka boga kwenye nafasi ya mume wangu."

Kisha akaenda nyuma ya gari, akatoa begi lake kwenye buti.

"Nendeni na boga lenu," akasema, akaingia ndani.

Aneth alinitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula kanga yake. Sikuhitaji kuelezwa kazi yangu. Nilimfuata mama.

Alikuwa ameketi sebuleni anachambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Nikapiga goti.

"Mama, nisamehe. Ulikuwa utani."

"Unafikiri nagombania siti."

"Sikufikiri hivyo."

"Mimi najua yule ni mtoto, Belinda. Sijachanganyikiwa. Lakini nikimwita jina lile, nikimsikia anaitika hata kwa kulia, naona kama mwenzangu hajaondoka kabisa." Akatupa harage zima kwenye takataka. "Sasa mnataka kumrundika nyuma pamoja na mabegi na ndoo yako ya shule. Nyuma ndiko wanakofungwa kuku. Nimeishi naye miaka yote sijamwona amewekwa na kuku."

Kumbe tulikuwa tukibishana mambo mawili tofauti. Nathan alikuwa anazungumzia ajali. Mama alikuwa anazungumzia kuku. Nami nikiwa nimepiga goti pale, nikamwona ukutani askofu kwenye kalenda ya kanisa, anashuka kwenye gari lake.

Nikainuka, nikaenda dirishani.

"Baba mdogo! Njoo, tafadhali. Tunahitaji shahidi."

"Boga limeuliza nini tena?"

"Njoo tu."

Aliingia, na nyuma yake Nathan na Aneth, maana katika nyumba yetu anayeitwa mmoja huenda wote. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama mwalimu wetu wa nidhamu anapotaka kumfukuza mtu shule.

"Baba mdogo, wewe ni mzee wa kanisa."

"Kwa neema ya Mungu. Si kwa msaada wako."

"Askofu alipokuja kutoa kipaimara, nani alimfungulia mlango wa gari?"

Akanyoosha koti lake. "Mimi. Nilichaguliwa."

"Mlango upi?"

"Wa nyuma."

"Wa nyuma upande gani?"

"Kushoto. Kule unakoshukia pembeni, siyo katikati ya barabara. Yule ni askofu, huwezi kumshushia kwenye bodaboda."

"Na kiti cha mbele alikaa nani?"

"Kijana wake. Yule mbeba mkoba."

Sikuongeza neno. Shuleni nimejifunza kwamba ukimnyamazia mtu wakati mzuri, anajishtaki mwenyewe. Mama aliacha kuchambua.

"Ni kweli," akasema polepole. "Mimi nilipewa maua nimpelekee. Nikaenda na kwaya nzima mpaka mlango wa mbele. Tukamwimbia."

"Mliimba beti zote," akasema baba mdogo. "Nilikuwa nawapungia mkono mje huku."

"Tulidhani unafuata mdundo! Nikampa maua yule kijana. Akapokea kwa mikono miwili. Tena nikamwomba baraka."

"Akakupa?" Nathan akauliza.

"Akanipa! Kaniwekea mkono kichwani kabisa!"

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Alijaribu kuyazuia, akashindwa, akafunika uso kwa kanga. Nilidhani analia, mpaka sahani ya maharage ikamtoka mapajani na yeye akazidi kucheka.

"Kwa hiyo," akasema alipopata pumzi, "mkubwa anakaa nyuma kushoto, na mbele anakaa mbeba mkoba."

"Ndivyo ilivyo, mama," nikasema. "Hata mkuu wa wilaya."

"Na baba yako miaka yote ile anakohoa watu wampishe..."

"Alikuwa anakohoa ili apewe kiti cha mbeba mkoba."

"Jamani, Mathayo!" akasema mama, na sijui alikuwa anamwambia yupi. Alipangusa machozi. Kisha uso wake ukarudi kuwa wa mama. "Lakini sikilizeni. Asikae na kuku."

"Hakuna kuku, mama," akasema Aneth. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea mbele ya mama mkwe tangu asubuhi. "Hakuna kuku wala begi. Nitakaa naye mimi mwenyewe pembeni."

Mama alimgeukia. "Uliogopa, mwanangu?"

"Sana, mama."

"Mbona hukusema?"

Aneth alimpapasa mtoto mgongo. Mama akamchukua mtoto begani kwake, akamwambia mtoto, "Mke wa mwanao ananiogopa, mume wangu. Tutaongea naye njiani."

Kiti kikahamia nyuma, kushoto. Nathan alikifunga, kisha Aneth akasukuma mkono wa Nathan pembeni na kukifunga upya. Alivuta mkanda, akakitikisa, akavuta tena, na kilipokataa kabisa kusogea ndipo nilipomwona ameshusha mabega. Mabegi yote yakaenda kwenye buti. Ndoo yangu na tranka havikutosha, kwa hiyo ndoo nikaipakata, tranka likakaa miguuni pangu na miguu yangu ikakaa ninapopajua mwenyewe. Baba mdogo aliomba kwa kirefu, akaomba nipewe hekima mara mbili, halafu akaushika mlango wa nyuma kama alivyoushika ule wa askofu.

"Karibu, kaka," akasema. Mtoto akapiga chafya. Mlango ukafungwa.

Ilibaki siti ya mbele. Mama alisimama kando yake asijue aanze na mguu upi. Hapo ndipo Nathan alipogundua, na mimi pia, kwamba mama yetu hajawahi kukaa mbele kwenye gari lolote. Nathan alishuka, akamwonyesha, akamfunga mkanda. Mama akaweka mkoba wake mapajani na kuushika kwa mikono miwili.

Tulipokipita kijiji cha Ulemo alikuwa bado ameushika hivyo hivyo. Halafu akasema, "Kumbe huku mbele barabara yote inakuja kwako." Baadaye kidogo akaanza kuwapungia watu asiowafahamu. Nyuma, mzee Mathayo alilala mdomo wazi, na mkono wa Aneth ukiwa juu ya tumbo lake. Aneth naye akalala, kichwa kimeniangukia begani. Nilimwacha, ingawa alikuwa anakoroma.

Singida mjini walinishusha kwenye geti la shule. Aneth aliamka, akajipangusa, akainama mbele.

"Mama, safari bado ndefu. Belinda ameshashuka, nafasi ipo. Njoo ukae huku na mume wako."

Mama hakugeuza hata kichwa. Alishika mkoba wake vizuri zaidi.

"Mwacheni mkubwa alale," akasema. "Mimi niko kazini. Nathan, twende."