Mkwaruzo Uliokosekana kwenye Buti

Kitanda cha mtoto kiliingia ndani ya buti la gari bila shida. Shida ilikuja wakati wa kukitoa. Mguu mmoja ulikwama, mkwe akavuta kwa nguvu, na plastiki ya kijivu inayofunika kizingiti cha buti ikabaki na mstari mweupe wenye urefu wa kijiko.

Gari halikuwa lake. Lilikuwa la baba mkwe wake, mwalimu mstaafu wa udereva ambaye mtaa mzima ulimwita Breki, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitamka zaidi kazini. Safari hii alikuwa ameliazimisha shingo upande. Likirudi salama, angemwachia mkwe ufunguo hadi binti yake ajifungue. Mimba ilikuwa imetimia, na hospitali ilikuwa mbali.

"Baba akiuona huo mstari, mimi nitapelekwa hospitali kwa toroli," mkewe alisema, mikono kiunoni.

"Hatauona."

Mkwe alikwenda kwa fundi wa viti vya magari, akaazima mashine ya kupuliza hewa moto. Fundi alimpa pamoja na maagizo.

"Osha kwa sabuni, kausha. Halafu pitisha joto, mkono usitulie. Ukitulia, plastiki itang'aa kama kipara. Penye mfereji, piga msasa laini, pasha, kisha gandamiza kwa kipande cha ngozi ili vile vipele vyake virudi."

Alifuata kila neno. Mstari ulififia, kisha ukatoweka. Kichwa kikamvimba. Kando ya ulipokuwa mstari palikuwa na mkwaruzo mwingine, wa zamani, mrefu, wenye kona. Kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea, aliufuta na huo. Aliuhesabu kuwa zawadi kwa mzee.

Alasiri alirudisha gari. Breki alilizunguka mikono nyuma, kama anayetahini mwanafunzi. Alifungua buti, akainama, akavaa miwani. Mama mkwe, ambaye ni fundi cherehani, alitoka kutazama, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Mwanangu," Breki alisema taratibu, "mkwaruzo wangu uko wapi?"

"Upi, baba?"

"Ule mrefu. Aliouchora mama yako alipoburuta meza ya cherehani."

Mkwe alielewa akiwa amechelewa. Kwa miaka mingi, kila mama mkwe alipoomba ufunguo, Breki alimpeleka kwenye buti na kumwonyesha mkwaruzo huo kwa kidole. Leseni mama alikuwa nayo, tena alifundishwa na Breki mwenyewe. Alichokosa ni gari.

"Sijaburuta meza yoyote," mama alisema. "Siku ile nilikuwa ndani, nampima mteja. Nimesema mpaka ulimi umeota sugu."

"Ushahidi ulikuwepo."

"Na sasa haupo. Mkwe wangu, Mungu akuzidishie."

Breki hakuwa mtu wa kuachia kesi iende hivihivi. Alichomoa chaki kwenye mfuko wa aproni ya mkewe, akapiga goti mbele ya buti.

"Nauchora upya, kila mtu auone. Ulianzia hapa." Chaki ilitembea. "Ukaja hivi, umenyooka. Hapa ukakata kona, maana meza ilinielemea nikabadilisha mkono..."

Chaki ilisimama.

"Ilimwelemea nani?" mama aliuliza, kwa upole wa kutisha.

Breki aliitazama chaki kana kwamba ndiyo iliyosema. Mkwe alimwonea huruma, na huruma ikamponza.

"Hata mimi nilikwaruza, baba. Hapa kushoto. Kile kitanda."

"Unaona?" Breki alisema, rangi ikimrudia usoni. "Hata huyu."

"Naona," mama alisema. "Wakwaruzaji ni wawili, na mimi simo."

Alinyoosha mkono. Breki alipapasa mfuko wa kulia, akapapasa wa kushoto, akarudia wa kulia, ingawa kila mtu aliuona ufunguo ukiwa umening'inia kidoleni mwake. Mwishowe aliutoa.

"Binti yangu nitamwendesha mwenyewe," mama alisema, akiusukumiza ufunguo ndani ya aproni. "Mkwe, kazi yako ni kukaa nyuma umshike mkono. Uchungu ukianza, nipigie, hata niwe nimelala."

"Sawa, mama. Ahsante, mama."

"Na mimi nikitaka kwenda mahali?" Breki aliuliza, bado amepiga goti.

"Utaomba. Ukiomba vizuri, nitafikiria."