Kuvu Alipiga Hodi

Usiku wa kuamkia leo niliota kuvu wa ukutani chumbani kwa mama amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amekaa kitako, ananisubiri. Niseme kweli, niliogopa. Asubuhi mkaguzi wa bima ya nyumba alikuwa aje, na bima hulipia maji yaliyopasua bomba ghafla. Yaliyovuja polepole ni juu yako. Nami nilijua bomba linavuja tangu Maulidi. Nilisogeza kabati nikaficha doa la kuvu, mama akaendelea kulala mle chumbani na kukohoa.

Ndotoni kabati hilo likafungua mlango wake. "Mficha uchi hazai, Bi Salha. Ingia, unachelewesha watu."

Naingia. Ndani ni ofisi ya bima. Mkataba wangu umekaa nyuma ya meza, umevaa miwani. Kuvu yuko kwenye kiti cha shahidi.

"Ulikuja ghafla au polepole?" Mkataba unamuuliza.

Namkonyeza aseme ghafla. Ukuta ukilipiwa, mama atalala pakavu.

"Nilipiga hodi," anasema kuvu. "Mara tatu, kama mtu aliyelelewa."

"Ukajibiwa?"

"Nikajibiwa karibu. Nikavua viatu, nikaingia."

Naikumbuka hodi hiyo. Siku hiyo nilikuwa jikoni nakuna nazi, na mimi nikisikia hodi ulimi hujibu wenyewe, hata sijageuka kutazama ni nani.

"Ibara ya tisa," unasema Mkataba. "Mgeni aliyekaribishwa si janga. Ibara ya kumi, usipoziba ufa utajenga ukuta, tena kwa mfuko wako."

"Mama yangu anakohoa," nasema.

"Namsikia," anasema kuvu. "Tunalala chumba kimoja."

Ofisi sasa ni bafu letu. Maji yamefika magotini na hakuna anayeshangaa. Kuvu anaomba fomu yangu ya madai, anaweka dole gumba taratibu.

Nikaamka kumekucha. Fomu ilikuwa mezani nilipoiacha jana, pale pa tarehe ya kuanza uharibifu pakiwa patupu. Chini, penye sahihi ya shahidi, palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, yenye manyoya, bado mbichi.

Mlangoni mtu akasema, "Hodi."

Nikaziba mdomo kwa viganja viwili. Hodi ya pili. Ya tatu.

Mama akakohoa mpaka kitanda kikalia, kisha akaita kwa sauti iliyokwaruza, "Karibu, mwanangu, pita. Salha, mgeni huyo."

Sikwenda mlangoni. Nilikwenda kumtoa mama chumbani.