Sista Hakukomunika

Hakuwa sista wa shirika lolote. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa bweni walipomwona akipiga ishara ya msalaba juu ya wali mkavu wa kantini. Likamganda, na yeye hakulikataa. Kukataa kungehitaji maneno, na maneno kwake yalikuwa kama nguo mpya: alikuwa nayo, ila aliona haya kutoka nayo mbele za watu. Darasani alijua majibu akayaandika pembeni mwa daftari. Dukani akipewa mkate wa jana, aliondoka nao. Kwa Mungu tu ndiko alikokuwa mwongeaji, na huko pia alinong'ona.

Mwenzake wa chumba alisomea sheria, na wote walimwita Wakili, maana hata bei ya nyanya aliikatia rufaa. Kwao hapakuwa na dini. Baba yake alizoea kusema kwamba Mungu, kama yupo, basi anwani yao anayo. Wakili alianza kumfuata Sista kwenye Misa ya chuo, eti kusikiliza kwaya tu. Kisha kwaya ikawa inamaliza kuimba na yeye bado amekaa. Sasa alikuwa na zaidi ya mwaka katika mafundisho ya ubatizo. Maswali yake yalimchosha katekista, mwalimu mstaafu wa suti ya kahawia, hadi jioni moja mzee akaweka chaki chini na kuuliza kama naye anaruhusiwa kuleta mashahidi. Lakini nyuma yake alimsifu. Alisema anayebisha amesikiliza, ila wanaoitikia kwa kichwa hajui wako wapi.

Ulipofika wakati wa kuchagua msimamizi, Wakili hakuomba. Alitangaza, huku akikamua shuka kwenye karo la kufulia.

"Mama yangu wa ubatizo ni wewe. Jina nimeshapeleka."

Sista alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akaikumbuka Dominika ya kwanza ya Kwaresima, na furaha ikaingia baridi. Siku hiyo wanaojiandaa kubatizwa husimamishwa mbele ya waumini, na desturi ya parokia ile ilikuwa ngumu kwa watu wa aina yake: kila msimamizi alishika kipaza sauti na kusema, kwa kinywa chake, jambo moja aliloliona kwa anayemsimamia. Bila karatasi. Padri mlezi wa chuo alikuwa amekataza karatasi, kwa sababu mwaka fulani mtu alisoma ya jirani yake.

Sasa, yaliyotokea yalitokana na maharage.

Dominika moja, Kwaresima ikiwa bado kidogo kuanza, zamu ya jiko ilikuwa ya Sista. Maharage yalikuwa sugu, yanachemka lakini hayaivi, na kengele ya kanisa la chuo ikalia ng'ambo ya ukuta wakati ndiyo kwanza yanalainika. Akatia chumvi, akakoroga, akaonja. Yalikuwa yamekolea. Akaonja tena, kwa sababu yalikuwa yamekolea. Akazima jiko, akafunika sufuria, akakimbia na mikono ya maji.

Siku nyingine lisingekuwa neno. Kanisa linataka mtu afunge chakula saa nzima kabla ya kupokea komunyo, na mahubiri ya padri mlezi peke yake yangeimaliza saa hiyo na chenji ikabaki. Watu walisinzia, wakaamka, wakamkuta bado yuko jangwani na Waisraeli. Lakini siku hiyo padri alikuwa anasubiriwa kwenye kigango cha kijijini kwa mazishi. Alihubiri maneno machache, akashukuru, akaendelea. Benchi lilipoinuka kwenda kupokea, Sista alitazama saa ya ukutani juu ya mlango wa sakristia na kuona kwamba saa yake ya kufunga haijatimia. Bado dakika kidogo.

Mwingine angesema Mungu hasimami mlangoni na saa mkononi. Sista naye alilijua hilo. Ila marehemu bibi yake alimfundisha kumpokea mgeni huyo kinywa kikiwa kitupu, na yeye kinywani bado alikuwa na ladha ya kitunguu cha maharage. Akavuta magoti pembeni kuwapisha wenzake. Benchi zima likaondoka, akabaki peke yake kama jino la mwisho.

Watu walipita, wakatazama. Kwaya ilikaa ubavuni mwa altare ikiyaelekea mabenchi, na katika safu ya sauti ya pili alikuwamo shangazi yake.

Msichana wa chuo, mzima wa afya, asiyekosa Misa, anabaki kwenye benchi wakati wa komunyo: kwa watu wa kanisani hilo ni tangazo. Kilichobaki ni kujua linatangaza nini, na hapo watu hawakuchelewa.

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemwahidi kaka yake kwamba binti atasoma hadi mwisho bila kuharibikiwa. Kesho yake alipanda ngazi za bweni, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Alisema amekuja kupima gauni la siku ya Wakili. Sista alisema vipimo si alishachukua? Shangazi akasema vipimo hubadilika. Akampima mabega haraka haraka kama mtu anayetimiza wajibu, akafika kiunoni, akapima, akalegeza, akapima tena. Huku anapima anauliza: usingizi unapata? Asubuhi, je, hakuna harufu zinazokukera? Sista alifikiri kwa uaminifu, akajibu kwamba harufu ya maharage ndiyo hataki hata kuisikia siku hizi.

Shangazi alifumba macho.

"Kuna jambo unataka kuniambia, mwanangu?"

Sista alisema hakuna. Shangazi aliviringa futi taratibu. Mlangoni alisimama, akasema bila kugeuka kwamba kiunoni ataacha kitambaa cha ziada, maana gauni likishabana halina huruma. Akashuka.

Yale maneno yalichukua muda kuingia. Yalipoingia, joto lilimpanda Sista kutoka shingoni hadi kwenye masikio. Alikimbilia mlangoni. Shangazi alikwisha kufika chini, na ukumbini walikuwepo wasichana wanasukana nywele. Angepaza sauti aseme nini? Alirudi ndani akafunga mlango.

Kabla wiki haijaisha, katekista alimwita Wakili pembeni. Aliongea kwa upole, akizungukazunguka. Msimamizi, alisema, lazima awe mtu anayeshiriki sakramenti. Yeye hamhukumu mtu, lakini yako aliyoyasikia kutoka kwa wanakwaya, na ingekuwa vizuri Wakili atafute mama mwingine kimyakimya, ili yule binti asije kuaibika mbele ya watu.

Hatua za Wakili zilisikika tangu ghorofa ya chini. Aliingia, akamwaga yote bila kupumua, akakaa kitandani na kukunja mikono.

"Haya. Mimi ni mtu wa kusikiliza pande zote mbili. Kwa nini hukukomunika?"

"Maharage."

"Maharage yamefanyaje?"

Sista akaeleza, akiongea na goti lake. Wakili alicheka hadi chaga za kitanda zikalia. Kisha akanyamaza ghafla na kuanza kutafuta viatu: anakwenda kwa katekista, kwa shangazi, na kwa kwaya nzima, safu moja baada ya nyingine. Sista akamshika mkono wa blauzi.

"Acha."

"Niache watu wakubebeshe mimba ya maharage?"

"Acha kwanza."

Hakusema kwa nini, na Wakili, jambo ambalo si kawaida yake, hakuuliza. Lakini Sista alijua. Mama mwingine akichaguliwa, kipaza sauti kitakuwa cha huyo mama mwingine. Uvumi utajifia wenyewe, maana hakuna kitakachozaliwa. Na yeye atakaa benchi la nyuma, siku ya Wakili, akimwombea kimya kimya kama anavyojua. Alilala fofofo. Asubuhi ndipo alipoogopa, alipogundua jinsi alivyolala vizuri.

Wakili alikuwa ameshaamka, katekisimu mapajani, haisomi.

"Kama hutaki, sema tu," alisema. "Ila mama mwingine sitafuti. Nitasubiri Pasaka ya mwakani."

Sista alijua jinsi yule msichana alivyoingoja Pasaka hii. Alimwona akikariri sala ya Nasadiki huku anapiga mswaki. Alivaa viatu, akatoka.

Shangazi alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi kwa barabara. Alikuwa na mteja, mama mnene aliyesubiri zipu. Sista alisalimia, akakaa kwenye kigoda amngoje mteja aondoke. Zipu ikaisha, mteja akakumbuka pindo. Pindo likaisha, mteja akaanza habari za binamu yake. Sista aliona kwamba akingoja faragha, atangoja hadi Kwaresima ipite.

"Shangazi," alisema, "mimi sina mimba."

Cherehani ikasimama. Mteja akaikazia macho zipu yake kama mtu anayesoma gazeti.

"Nilionja maharage kabla ya Misa," Sista aliendelea, sauti inakwaruza, "na Misa ikawa fupi."

Shangazi aligeuka kwenye kiti.

"Ulionja, au ulikula?"

"Nilionja mara mbili. Ile ya pili ilikuwa ulafi."

Shangazi alichukua gauni lililokuwa mbele yake akajifunika uso. Mabega yalimtikisika, haikujulikana analia au anacheka, na huenda yeye mwenyewe hakujua. Alipojifunua, macho yalikuwa mekundu. Alisema alikuwa anashona huku anatunga maneno ya kumwambia kaka yake kwa simu, na kila akiyatunga yanamshinda, anafumua na pindo. Kisha akawa mkali, kama watu wanavyokuwa wakali wakishapona hofu.

"Na siku ile nilipokuja kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, shangazi. Ulinipima."

Mteja aliguna kidogo, guno la mtu aliyeona goli lakini hataki kushangilia. Shangazi alitoa futi shingoni, akaiweka mezani.

"Ni kweli," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuogopea mpaka nikasahau kukuuliza." Akasimama, akajipangusa nyuzi. "Kaa hapa. Naenda kwa katekista sasa hivi. Maneno yalitoka kwangu, nitayarudisha mwenyewe."

Sista alitamani kusema ndiyo. Miguu, mgongo, hata tumbo lililosingiziwa, vyote vilitaka abaki pale kwenye kigoda, mtu mzima amsemee.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema.

"Nenda, binti," alisema mteja, ambaye hakuna aliyemuuliza. "Na maharage mengine uonje baada ya Misa."

Katekista alikuwa anafuta ubao. Alimsikiliza hadi mwisho, dasta mkononi, vumbi la chaki likimtulia juu ya suti. Aliomba radhi, akasema mtu wa umri wake alipaswa kusikia kwa masikio mawili. Baadaye, kwa kuwa mwalimu hastaafu kabisa, akamfundisha kidogo. Kubaki kwenye benchi siku ile halikuwa kosa, alisema. Hakuna mtu anayedaiwa maelezo kwa kutokupokea, na waliotakiwa kutazama altare walitazama benchi. Lakini kunyamaza wakati rafiki yako anakatiwa njia, hilo inafaa alitafakari mwenyewe. Sista alisema ameshatafakari. Ndiyo maana amekuja.

Dominika ya kwanza ya Kwaresima kanisa lilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Wanaojiandaa walipangwa mbele ya altare, na nyuma ya kila mmoja msimamizi wake, mkono begani. Sista alikuwa amevaa gauni lililomkaa sawasawa. Hakuwa ameweka kitu kinywani tangu jana yake, si kwa sababu ya sheria, bali kwa woga. Maneno aliyoyaandaa wiki nzima aliyapekua kichwani, akakuta hakuna hata moja.

Padri akaanza, kwa sauti yake isiyo na haraka:

"Ninyi mliochaguliwa kuwasimamia ndugu zetu hawa, je, mbele za Mungu na mbele ya jumuiya hii, mnashuhudia ya kwamba..."

"Ndiyo," alisema Sista.

Lilitoka kubwa. Kanisa zima lilicheka, hata padri. Mmoja wa wanakwaya alijikohoza, na shangazi akamkanyaga mguu. Wakili hakugeuka, ila alisema kwa pembe ya mdomo kwamba swali lenyewe halijaulizwa. Padri akaanza upya, akafika mwisho, wote wakaitikia pamoja, na kipaza sauti kikaanza kupita mkono kwa mkono.

Kilipomfikia kilikuwa cha moto kwa viganja vya wengine. Alisubiri woga umnyamazishe kama kawaida yake. Woga ulikuwepo, ulisimama naye pale pale, lakini cheko lile lilikuwa limekwisha kufungua mlango.

"Mimi nilizaliwa Mkatoliki," alisema, "na sijawahi kuuliza kitu. Huyu anauliza kila kitu. Halafu akipewa jibu, anakuja nalo chumbani kulijaribu kama linafanya kazi." Watu wakacheka tena, kidogo. "Siku alipofundishwa kusamehe, alishinda amenuna. Hakula, hakusema na mtu. Jioni akampigia simu baba yake, ambaye alikuwa hajazungumza naye muda mrefu sana. Mimi nilikuwa kitandani, najifanya nasoma. Basi, hilo ndilo nililoliona."

Alitafuta kama kuna lingine, akaona linatosha. Alimpa kipaza sauti msimamizi aliyefuata, fundi bomba mwenye mikono mikubwa, ambaye alikipokea, akatazama watu, akameza mate, na kunyamaza kabisa. Sista alimwinamia kidogo.

"Anza na ndiyo," alimnong'oneza. "Mengine yatafuata."